Mgeni Aliyepokea Jembe

Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wengi wakiliona hilo jembe hukumbuka kwao. Leo nakuletea habari za mgeni aliyelipokea akalima.

Jina lake ni Tim Mackintosh-Smith, Mwingereza aliyesomea Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka wa 1982, akiwa kijana wa miaka 21, alisafiri hadi Yemen. Akatua Sana'a, mji mkuu, na huko akaishi zaidi ya miaka 30. Jembe lake lilikuwa kalamu. Kitabu chake cha mwaka wa 1997, Yemen: Travels in Dictionary Land, humshika msomaji mkono na kumtembeza katika nchi ambayo wengi wetu hatutaiona.

Nasi tutembee kidogo. Tunaingia mji wa kale kwa lango la Bab al-Yaman. Mbele yetu ni Suq al-Milh, yaani soko la chumvi, ingawa humo utapata pia viungo, zabibu kavu na majambia. Inua macho sasa. Nyumba ni ndefu kama minara: chini mawe, juu matofali ya kuchoma, na madirisha yamezungushiwa nakshi nyeupe. Tangu mwaka wa 1986 mji huu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mtalii wa siku mbili hupiga picha akaenda zake. Aliyehamia ndiye ajuaye kuwa zamani ghorofa ya chini ilikuwa ya mifugo na nafaka, na kwamba chumba cha juu kabisa, mafraj, ni cha mazungumzo. Alasiri watu huketi humo wakitafuna mmea ule ule wa miraa yetu ya Meru, ila wao hupenda majani. Habari za mji hupatikana hapo, kwa aliyekaribishwa akaketi.

Kisha vikaja vita. Septemba 2014 Wahouthi waliuteka mji, na Machi 2015 mabomu yakaanza kuanguka kutoka angani. Tarehe 12 Juni mwaka huo mtaa mmoja wa mji wa kale ulipigwa, nyumba zikaporomoka na watu wakafa. Mwezi uliofuata UNESCO iliuweka mji katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mgeni wetu alikuwa bado anaishi humo. Nyumba ya kale ikianguka, ni nani atakayetusimulia ilivyokuwa, isipokuwa aliyezijua ngazi zake?

Swali hilo linatuhusu. Ibn Battuta, msafiri ambaye Mackintosh-Smith alimfuata nyayo katika vitabu vitatu, alilala Mombasa usiku mmoja tu mwaka wa 1331. Hata hivyo aliondoka akijua kuwa wenyeji hula ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi. Sisi je? Tunashuka pwani Desemba, tunapiga picha mbili mbele ya Fort Jesus, kisha mbio ufuoni. Mji wa Kale uko hapo hapo kando, na watoto hawauoni.

Basi mzazi, likizo ijayo, iwe ni Mombasa au Lamu, tafuta mtu aliyekulia vichochoroni humo awatembeze, nawe umlipe haki yake. Usiwe na haraka. Uliza mlango ule ulichongwa na nani, na nyumba ile ilikuwa ya nani. Nawe mwanafunzi, beba daftari uandike majibu, kwani wazee hawatungoji.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyeijua nyumba yake, mgeni atamponya nini?