Rimu za Gari: Kuingia Si Kufaa



Kila inapokaribia Idi au msimu wa harusi, magari mengi ya familia hapa Tukuyu huvishwa viatu vipya. Rimu za chuma zilizotoka kiwandani huvuliwa, na mahali pake huwekwa rimu za alumini zenye kung'aa, nyingi zikiwa zimekwishatumika Japani, zikanunuliwa Mbeya mjini au zikaagizwa kutoka Dar es Salaam. Hatuna ugomvi na pambo la halali. Lakini baadhi ya waumini wametuuliza: mtu atajuaje kwamba rimu alizoziona zitalifaa gari lake? Muuzaji aghalabu hujibu kwa neno moja tu, "zinaingia". Nasi twasema kwamba kuingia ni jambo moja, na kufaa ni jambo jingine.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi katika wilaya yetu ya Rungwe. Barabara itokayo Uyole hupanda hadi Isyonje, kisha ikateremka Kiwira na Tukuyu, na kutoka hapa ikazidi kuteremka hadi Kyela. Kati ya Tukuyu na Ziwa Nyasa kuna mteremko wa takriban mita 1,000, wenye kona, ukungu na mvua nyingi. Gari aina ya Noah lililobeba watu na mikungu ya ndizi hushuka pale breki zikiwa za moto na nati zikivutwa katika kila kona. Kasoro ambayo kwenye tambarare ingekuwa mtikisiko tu, hapa inaweza kuling'oa gurudumu, na ndani ya gari mna watoto wetu. Basi na tuvitazame vipimo kimoja kimoja, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwanza ni matundu ya nati. Hesabu idadi yake, kisha upime duara linalopita katikati ya matundu hayo. Rimu ya matundu manne hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linaloelekeana nalo. Ya matundu matano hupimwa kati ya matundu mawili yaliyo jirani, kisha kipimo huzidishwa kwa 1.7. Ukipata milimita 58.8 baina ya jirani na jirani, duara ni 100, ukipata 67.2, duara ni 114.3. Toyota IST ya kizazi cha kwanza hutumia matundu manne kwa duara la 100. Premio, matano kwa 100. Noah, matano kwa 114.3. Hatari kubwa iko kwenye vipimo vinavyokaribiana. Rimu ya duara la 112, kama zile za Mercedes-Benz nyingi, yaweza kulazimishwa kwenye Noah, kwani tofauti ni milimita 2.3 tu. Nati zitakaza, fundi ataridhika, lakini stadi zitakuwa zimepindishwa, na chuma kilichopindishwa huchoka mapema kikakatika.

Pili ni tundu la katikati, linalokaa kwenye habu. Premio na Subaru Forester za miaka mingi zinalingana kwa matundu matano na duara la 100, ila tundu la kati la Toyota hiyo ni milimita 54.1, na la Subaru ni 56.1. Rimu ya Premio haitaingia kwenye Forester. Rimu ya Forester itaingia kwenye Premio, lakini itacheza, na gari litatetemeka likishika kasi. Dawa yake ni pete maalumu ya kuziba nafasi hiyo, yenye kipimo kamili. Kipande cha bati au mpira hakitoshi.

Tatu ni namba iliyopigwa chapa mgongoni mwa rimu kwa herufi ET. Hiyo ni milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Namba ikipungua, gurudumu husogea nje. Ikiongezeka, husogea ndani kuelekea shokapu. Upana nao huandikwa kwa inchi na herufi J. Mtu akivua rimu ya 6J ET45 akaweka ya 7J ET35, ukingo wa nje husogea karibu milimita 23. Gari likiwa tupu huenda asione tatizo, lakini likijaa watu tairi hulisugua bodi, beringi hubeba mzigo usio wake, na usukani hubadilika tabia. Wengine huweka spesa ili kurekebisha hali. Kwa gari linalobeba familia kwenye milima hii, ushauri wetu ni kuiacha rimu hiyo na kutafuta nyingine.

Nne ni nati zenyewe, ambazo wengi hawazitazami kabisa. Toyota hutumia stadi ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, Subaru na Nissan nyingi hutumia unene huohuo lakini uzi wa 1.25. Nati ya gari moja ikilazimishwa kwenye jingine huharibu uzi. Tena, rimu nyingi za alumini za Toyota hukaza kwa nati yenye washa bapa, ilhali rimu nyingi za kununua dukani huhitaji nati yenye ncha ya pia. Nati bapa kwenye tundu la pia haishiki sawasawa, hata ukiikaza kwa nguvu zako zote. Izungushe kwa mkono uhesabu: kwa uzi wa 1.5, tunapenda ishike mizunguko isiyopungua minane. Zile nati za zamani usizitupe, maana huenda ndizo pekee zitakazofaa tairi la spea siku utakapopata pancha usiku kule Isyonje.

Tano ni tairi. Tairi la 195/65R15 lina kimo cha takriban milimita 634. La 205/55R16 lina 632, kwa hiyo vimo vinalingana, ingawa ubavu wake ni mfupi na kwenye barabara za mawe za vijijini rimu iko karibu zaidi na kuumia. La 215/65R16 lina 686: kipima mwendo kitaonyesha 80 nawe uko kwenye 86, na huenda tairi likagusa bodi. Tazama pia namba ya mzigo. 91 maana yake ni kilo 615 kwa kila tairi, na usiteremke chini ya ile iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Vipimo vikikubali, jaribuni rimu moja mbele kabla ya kulipia zote nne. Gari liinuliwe kwa jeki, gurudumu lizungushwe kwa mkono bila kugusa breki, usukani ukatwe hadi mwisho kulia na kushoto. Kisha lishushwe, wapande watu, likatwe tena. Baada ya kilomita 50 hadi 100, nati zikazwe upya.

Lililobaki ni la muuzaji na mnunuzi. Rimu iliyotumika yaweza kuwa ilipasuka ikachomelewa, au ilipinda ikanyooshwa, kisha rangi ikaficha yote. Kuficha aibu ya bidhaa ni haramu, na sheria yetu humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa yenye aibu iliyofichwa. Zaidi ya hayo, katika madhehebu ya Shafi, mnunuzi na muuzaji wanaruhusiwa kuwekeana khiyari ya sharti isiyozidi siku tatu. Siku tatu zatosha kabisa kwenda Kiwira na kurudi gari likiwa na mzigo. Basi kina baba, na kina mama mnaomiliki magari, ombeni sharti hilo kabla ya kulipa, liandikwe, na mashahidi wawepo. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatalikataa. Akilikataa, tunawanasihi mziache rimu zake, na msherehekee Idi kwa zile za chuma zilizokuja na gari.

Wabillahi tawfiq.