Hatari ya Nani?

Kazi yangu ni kuharibu programu kabla wewe hujaiharibu. Na nimechoka kuambiwa, "Jaribu kila kitu." Hakuna mtu hujaribu kila kitu, bana. Fomu yenye nafasi kumi, kila nafasi ikiwa na majibu kumi, ina njia bilioni kumi za kujazwa. Sisi hupewa wiki mbili.

Kwa hivyo tunapima hatari. Uwezekano wa kitu kuharibika unaupa alama, 1 hadi 5. Hasara kikiharibika, pia 1 hadi 5. Unazidisha, unaanza kujaribu zenye alama za juu. Sina shida na hesabu. Shida yangu ni nani anashika kalamu.

Kwenye apu ya mikopo niliyokuwa nikijaribu, ukurasa wa kwanza ulipata 5 ya hasara kwa sababu wawekezaji walikuwa wanakuja kuuona. Malipo kurudiwa mtandao ukikatika katikati? 2. "Ni watu wachache," meneja akasema, "na watapiga simu, tutawarudishia." Siku nne tukabishana na rangi ya kitufe.

Apu ikatoka. Mama mboga mmoja wa Kayole akakatwa 3,000 badala ya 1,500. Kwa ripoti yetu hiyo ni 1,500 tu. Kwake ilikuwa pesa ya Marikiti. Asubuhi hiyo hakwenda sokoni, na kibanda hakikufunguliwa. Alipiga simu kweli. Ilishikwa siku ya tatu.

Hata uwezekano wenyewe tunaukisia vibaya. Utasikia, "Hiyo sehemu ni ya zamani, haijawahi kusumbua." Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ililipuka sekunde 40 hivi baada ya kuruka. Ndani yake kulikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwa na neno. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mwingine, namba ikawa kubwa kuliko nafasi yake, na hakuna aliyekuwa ameijaribu kwa mwendo huo. Ya zamani haimaanishi salama. Inamaanisha ilikuwa salama kule ilikotoka.

Msiniambie basi kwamba jedwali la hatari ni sayansi tupu. Ile 2 ilikuwa uamuzi: kwamba aibu yetu mbele ya wawekezaji ni nzito kuliko siku ya mtu mwingine bila mauzo. Wanaoshika simu za wateja wanajua hasara inafanana aje, lakini hawaitwi kwenye kikao. Waitwe. Na anayeandika 2 aandike pembeni nani ataibeba.

Mimi pia nilikuwa kwenye hicho kikao. Niliiona ile 2, nikaangalia saa, nikanyamaza. Ilikuwa Ijumaa.