Barua pepe za Kijapani kwenye kompyuta kuukuu ya Bariadi

Mkazi wa Bariadi aliyerudi kutoka masomoni Japani, tuseme kupitia ABE, mpango wa Japani wa kusomesha vijana wa Afrika uliotangazwa Yokohama mwaka 2013, hahitaji mashine mpya ili aendelee kuandikiana na walimu wake kwa Kijapani. Ya zamani inatosha, mradi ajue inaumwa nini.

Visanduku vitupu maana yake fonti hazipo. Alama zilizovurugika ni shida nyingine: programu imekosea usimbaji wa herufi. Kwa miaka mingi barua pepe za Japani zilitumia ISO-2022-JP, uliofafanuliwa mwaka 1993 na Jun Murai na wenzake. Usimbaji huo ulitosha ndani ya biti 7, kwa kuwa mitambo mingi ya barua ya enzi hizo haikuaminika kupitisha zaidi. Thunderbird, programu ya barua pepe, huusoma, na kwa kawaida amri ya kurekebisha usimbaji kwenye menyu hurudisha herufi za kanji mahali pake.

Kuhusu visanduku vitupu, Windows XP huhitaji faili za lugha za Asia Mashariki kutoka kwenye CD yake, karibu MB 230. Lakini Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, na kufungulia barua za kazi humo ni hatari kweli.

Heri Linux nyepesi, yenye Thunderbird, fonti za Noto na Mozc ya kuandikia: mtu anachapa kwa herufi za Kilatini, yenyewe inapendekeza kanji. Vyote ni bure. Vipakuliwe mara moja mjini, vibebwe kwa flashi hadi wilaya za Itilima au Meatu, bando lisiteketee.