Lubumbashi: Wazee wanakemea matusi, lakini si yale yanayoua

Zamani, mtoto aliyetamka tusi la mama katika lupango la jirani alirudi kwao akiwa amekwisha kuchapwa, kisha mama yake akamchapa tena. Leo mjini Lubumbashi kijana anamwita rafiki yake mbwa, wanacheka, wanashikana mikono. Ndani ya taksi-basi inayotoka komini ya Kenya, dereva na mwenzake anayepokea nauli wanatukanana njia nzima, na hakuna anayegeuza kichwa.

Wazee wanalalamika kwamba vijana wameharibika. Wana haki kidogo. Mwanamke anayepita sokoni bado anarushiwa maneno yasiyomchekesha hata kidogo, na kumtukana mtu mama yake mbele ya watu bado kunaleta ngumi. Kanuni ya adhabu nayo, katika ibara ya 75, inamtishia anayemtukana mtu hadharani kifungo cha siku 8 hadi miezi 2. Kama ingefuatwa kikamilifu, gereza la Kasapa lisingetosha.

Lakini mzee yule yule anayemkaripia mjukuu wake kwa neno chafu, jioni anatuma kwenye kundi la WhatsApp la familia sauti inayowaita watu wa jimbo lingine wadudu. Hilo halimtii haya. Kwake yeye, tusi ni kutaja sehemu za mwili. Kulitaja vibaya kabila la mtu ni siasa tu.

Katanga inajua hesabu hiyo ilifikia wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wakasai, ambao wengi wao babu zao waliletwa kufanya kazi katika migodi ya Union Minière, waliitwa bilulu, yaani wadudu. Neno lilitamkwa kwenye mikutano ya siasa, likaingia mitaani. Mwaka 1992 na 1993 familia kwa maelfu zilifukuzwa nyumbani mwao, zikalala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa magonjwa kabla ya kufika Kasai. Hakuna tusi la mama lililowahi kuhamisha mtaa mzima.

Sheria ilikuwepo. Amri-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Kilichokosekana ni aibu. Mtu mzima aliweza kusema bilulu mezani, mbele ya mke, watoto na wageni, bila yeyote kumwambia afunge mdomo, wakati angetaja kitu cha chooni, wote wangenyamaza na kumtazama.

Neno hilo halijazikwa. Mama anayempiga mtoto kofi kwa sababu amesema "mbwa" anaweza pia kumuuliza hili lingine, "bilulu", amelitoa wapi. Mara nyingi atajibu: kwa baba.