UCHAMBUZI: Kampuni ikiuzwa, pensheni ya mfanyakazi hubaki na nani?

KILA mara kampuni kubwa inapouzwa humu nchini, habari hutufikia mezani pa uhariri ikiwa na mambo matatu: bei, jina la mnunuzi na idadi ya watakaopoteza kazi. La nne, ambalo humhusu mfanyakazi kuliko bei, kwa kawaida hukosekana. Nimehariri habari za namna hiyo kwa miaka mingi na siwezi kujitoa lawamani. Ni mara chache tumeuliza hazina ya uzeeni ya wafanyakazi ilikuwa na pesa ngapi siku ile sahihi zilipotiwa, na nani aliachiwa deni lake.

Swali lenyewe si la kihistoria. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni za kibinafsi kwa muda wa miaka 30, huku wafanyakazi wakidai malimbikizo ya mishahara. Mwezi uo huo KCB ikakamilisha kuiuzia Access Bank ya Nigeria benki ya National, ambayo KCB yenyewe iliinunua mwaka 2019. Baadaye mwaka huo Bunge likaidhinisha kuuzwa kwa sehemu ya hisa za serikali katika Kenya Pipeline. Katika mipango ya aina hii kuna watu waliokatwa mshahara mwezi baada ya mwezi kwa miaka 20 au 30, wakiambiwa kwamba kinachokatwa kitawangoja uzeeni.

Je, kitawangoja kwa nani?

Sheria inatoa jibu la kutuliza moyo. Chini ya Sheria ya Mafao ya Uzeeni ya 1997, hazina ya pensheni ya wafanyakazi si mali ya mwajiri. Humilikiwa na wadhamini kwa niaba ya wanachama, huwa na msimamizi, meneja wa uwekezaji na mtunzaji wa mali, na husajiliwa na mamlaka ya RBA. Mnunuzi wa kampuni hanunui hazina hiyo. Wenye kuidai kampuni hawawezi kuigusa, wala meneja mrasimu hawezi kuitumia kulipa bili ya stima. Hapo ndipo maelezo mengi ya maafisa huishia, na mfanyakazi hurudi nyumbani akidhani amesalimika.

Tatizo ni kwamba ulinzi huo unahusu pesa zilizokwisha kuingia katika hazina. Haulindi zile ambazo zilipaswa kuingia na hazikuingia.

Zipo pensheni za namna mbili, na tofauti yake hudhihirika hasa wakati wa mauzo. Ya kwanza ni ya akiba: mfanyakazi hutoa kiasi, mwajiri hutoa kiasi, pesa huwekezwa, na siku ya kustaafu mwanachama hupata kilichopatikana. Ya pili ni ya ahadi: mwajiri huahidi kulipa kiwango fulani kulingana na mshahara wa mwisho na miaka ya utumishi, liwe jua iwe mvua. Chukua kipimo kilichotumiwa kwa miaka mingi katika utumishi wa umma, sehemu moja kwa 480 ya mshahara kwa kila mwezi wa kazi. Aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na kustaafu akipata Sh60,000 kwa mwezi, anastahili pensheni ya Sh45,000 kila mwezi kabla ya kuchukua mkupuo wowote. Ahadi hiyo itadumu hadi atakapofariki, na huenda ikaendelea kwa mjane wake. Ukizidisha kwa wafanyakazi elfu kadhaa, unapata deni ambalo mara nyingi ni kubwa kuliko mitambo na majengo ya kampuni.

Mwenye pensheni ya akiba ana hofu moja kubwa wakati wa mauzo, nayo ni michango iliyokatwa na isiwasilishwe. Kampuni inayoyumba huanza kwa kuchelewesha kodi, kisha michango ya NSSF, ya ushirika na ya pensheni. Hati ya mshahara huonyesha makato, lakini pesa zimelipia mafuta ya malori. Siku kampuni inapoingia mikononi mwa mrasimu, aliyekatwa huwa mmoja wa wadai, na mara nyingi benki zilizoshika rehani huwa zimeshajihakikishia vilivyo bora. Mwenye pensheni ya ahadi ana hofu hiyo na nyingine juu yake: kwamba hata michango yote ikiwa imelipwa, wataalamu wanaokadiria mafao watakuta hazina haitoshi kutimiza ahadi. Pengo hilo ni la mwajiri kuliziba. Lakini mwajiri ndiye anayeuzwa.

Ndiyo maana inafaa kujua ni kitu gani hasa kimeuzwa. Yakiuzwa mashamba ya hisa, kama ilivyokuwa kwa benki ya National, mwajiri kisheria ni yule yule. Wenye kampuni wamebadilika, kampuni haikubadilika. Mikataba ya kazi inaendelea na wajibu wa kuchangia pensheni unaendelea. Kinachobadilika huonekana polepole. Katika baraza la wadhamini, wanachama huchagua sehemu ya wajumbe, walau nusu katika mpango wa akiba na walau thuluthi katika mpango wa ahadi. Wengine huteuliwa na mwajiri, na mwajiri sasa ana bosi mpya. Kwa kawaida bosi mpya hapendi pensheni ya ahadi. Ataifunga kwa waajiriwa wapya, kisha atapendekeza waliomo wahamishiwe kwenye akiba. Katika kuhamisha huko ndiko hesabu hupindika, kwa kuwa ahadi ya miaka 40 ijayo inageuzwa kuwa pesa za leo, na badiliko dogo katika makadirio hupunguza mafungu makubwa. Mzozo wa wastaafu 629 wa benki ya Standard Chartered haukutokana na mauzo, lakini ulihusu jinsi mafao yalivyokokotolewa, na ulichukua miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoumaliza Septemba 2025, wastaafu wakishinda.

Yakiuzwa mali na biashara bila kampuni, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2018 SBM ilichukua sehemu ya mali na amana za Chase Bank, si benki nzima. Katika mpango wa aina hii mnunuzi huchagua anachotaka, na kinachobaki hubaki na kampuni ambayo haina tena cha kuiingizia pesa. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 haina kifungu kinachomhamisha mfanyakazi moja kwa moja kwa mnunuzi pamoja na haki zake, kama zilivyo sheria za baadhi ya nchi za Ulaya. Hivyo basi wafanyakazi huachishwa kazi, hulipwa fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka waliofanya kazi, na wengine huajiriwa upya siku inayofuata wakianzia sufuri. Fidia hiyo si pensheni wala haichukui nafasi yake. Nasisitiza hili kwa sababu hundi moja yenye tarakimu nyingi humfanya mtu atie sahihi karatasi inayosema hana dai lingine.

Hakuna mfano unaoonyesha haya yote kuliko ule wa reli.

Wafanyakazi wa reli walikuwa wameonja mgawanyo wa namna hii mapema. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliposambaratika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja liligawanywa vipande vitatu, na Shirika la Reli la Kenya likaundwa mwaka uliofuata. Ilibidi kungoja mkataba wa 1984 ili kila nchi ikubali kubeba pensheni za raia wake waliokuwa wakihudumu katika mashirika ya Jumuiya. Nchini Tanzania wazee hao walikuwa wangali wakidai katika miaka ya 2000, wakilala barabarani na kushinda mahakamani.

Kisha ikaja Novemba 2006. Serikali za Kenya na Uganda zilikabidhi uendeshaji wa reli kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Maelfu ya wafanyakazi wa Shirika la Reli walikuwa wameachishwa kazi au walikuwa wakisubiri kuachishwa. Pensheni ya wakongwe ilikuwa ni ahadi iliyolipwa na shirika lenyewe kutokana na mapato ya treni. Mwekezaji alitaka treni, si wazee. Kwa hivyo mapato yalikuwa yanaondoka na deni linabaki.

Suluhisho lililopatikana lilikuwa la busara kwenye karatasi. Mwaka huo wa 2006 iliundwa hazina ya mafao ya wafanyakazi wa reli, na badala ya kupewa pesa, ilipewa ardhi: mitaa ya nyumba na viwanja ambavyo reli ilimiliki tangu enzi za ukoloni, ikiwemo Muthurwa, kando ya katikati ya jiji la Nairobi. Kwa thamani ya soko, ardhi hiyo ilikuwa utajiri. Lakini mstaafu wa Voi au Nakuru hali ardhi. Anahitaji shilingi elfu kadhaa tarehe fulani ya kila mwezi, na kiwanja hakitoi shilingi hadi kiuzwe, kipangishwe kwa kodi ya kisasa, au kiendelezwe kwa mkopo. Kanuni za uwekezaji nazo zinaweka kikomo cha asilimia 30 ya mali ya hazina kuwa ardhi na majengo. Hazina ya reli ilizaliwa ikiwa imekwisha kuvuka mpaka huo.

Na juu ya ardhi hiyo kulikuwa na watu. Julai 2010 wadhamini waliwapa wapangaji wa Muthurwa notisi ya siku 90 wahame ili mtaa uendelezwe, na ubomoaji ukaanza. Wapangaji wakaenda kortini. Uamuzi ulitolewa Agosti 2013, Jaji Isaac Lenaola akisema kwamba haki zao za makao na utu zilikiukwa, na kwamba nchi ilihitaji sheria ya kuongoza uhamishaji wa watu. Ni uamuzi ninaouheshimu, na mara nyingi hutajwa kama ushindi wa wanyonge. Ila tulipouripoti tulisahau upande wa pili wa kesi, ambao nao ulikuwa wa wanyonge. Kwa miaka mitatu ya shauri lile, mojawapo ya mali bora za hazina haikuweza kuendelezwa, huku wastaafu wakilalamika mara kwa mara kwamba malipo yao yanachelewa. Serikali ilikuwa imelipa deni lake kwa kuwapa maskini wa kundi moja nyumba za maskini wa kundi jingine, kisha ikakaa pembeni.

Mwekezaji naye hakudumu. Mkataba wa miaka 25 ulivunjwa mwaka 2017, miaka 11 baada ya kuanza, na reli ikarudi kwa shirika la umma. Reli ilirudi, lakini mpangilio wa pensheni uliofanywa kwa ajili ya kumridhisha mwekezaji haukuweza kurudishwa nyuma kwa urahisi huo.

Wapo watakaosema kwamba mbadala ulikuwa kufilisika kwa shirika na wastaafu kukosa vyote. Hoja hiyo ina uzito. Ardhi ni bora kuliko barua ya ahadi. Hata hivyo, palikuwa na njia ya kati: sehemu ya malipo ya mwekezaji kuelekezwa katika hazina kila mwaka, au pesa taslimu za kutosha kulipa pensheni ya miaka mitano ya mwanzo wakati viwanja vikitafutiwa wateja. Kenya haina mfuko wa kitaifa wa kuokoa pensheni za ahadi mwajiri anapoanguka, kama ule ulioanzishwa Uingereza mwaka 2005. Kwa hivyo fursa ya pekee ya kuziba pengo ni kabla ya mauzo kukamilika, muuzaji akiwa bado ana haja ya sahihi na mnunuzi akiwa bado ana pesa mfukoni.

Kwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, benki au shirika la umma linalotajwa katika orodha ya mauzo, la kwanza ni taarifa ya kila mwaka ya hazina, ambayo wadhamini wanapaswa kumpa. Ailinganishe na hati zake za mshahara, mwezi kwa mwezi, na amwombe NSSF taarifa yake vilevile. Akikuta pengo, alalamike RBA kwa maandishi wakati mwajiri wa zamani angali na anwani. Kama pensheni yake ni ya ahadi, awaulize wadhamini katika mkutano mkuu wa mwaka makadirio ya mwisho yalifanywa lini na yalionyesha upungufu wa kiasi gani. Chama cha wafanyakazi nacho kidai kuona kifungu cha pensheni katika mkataba wa mauzo, si kuhakikishiwa kwa mdomo kwamba kimo.

Na anayetakiwa kutia sahihi karatasi ya kuachishwa kazi aisome mpaka mstari wa mwisho. Mara nyingi neno lenyewe huwa hapo, karibu na nafasi ya kutia sahihi, likisema kwamba amepokea haki zake zote.