Arbuni ya Harusi Iliyovunjika



Juma hili tumepokea barua ndefu kutoka Kitale. Aliyeiandika ni dada mzaliwa wa huku kwetu pwani, aliyeolewa bara, na sasa ni mwaka wa sita ana duka dogo la zawadi karibu na stendi ya magari. Jina lake tumelihifadhi, na majina ya watu aliowataja tumeyaacha vilevile, kwani mambo yenyewe yana siri za nyumba za watu. Ana maswali matatu. La kwanza ndilo zito, nasi tutalipa nafasi linayostahiki.

Kabla ya swali, yafaa tuijue kazi yake. Wengi wetu tukisikia duka la zawadi twadhani ni kukaa kitini, kufunga karatasi na kukata riboni. Dada huyu anatueleza mwaka wake, na tulipousoma tulimhurumia. Januari ni mwezi wa karo, na hakuna anayenunua saa ya ukutani wala fremu ya picha. Machi na Aprili mvua zikianza, fedha zote za Trans Nzoia zaingia ardhini kwa mbegu na mbolea, na watu wasubiri. Mwezi wa Agosti, katika miaka shufwa, Wabukusu wa Bungoma hutahiri vijana wao, ndugu na marafiki hutembeleana na kutuzana, na duka hupata uhai. Kisha Oktoba mahindi yaanza kuvunwa. Yakisha kuuzwa, harusi zote zilizokuwa zikingoja zaja kwa pamoja, pamoja na mahafali ya vyuo, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kibabii kilicho huko huko Bungoma, na shamrashamra za Desemba. Kwa hesabu yake, miezi mitatu ndiyo inayoilisha miezi tisa.

Na duka peke yake halimtoshi. Ameingia katika kupanga shughuli za watu: kupamba nyumba ya bibi harusi, kutengeneza vizawadi vya wageni, kuandaa kadi, viti, vitambaa na maua. Bidhaa hufuata Nairobi, sokoni Kamukunji na mitaa ya Islii, kwa basi la usiku ili asilale mjini. Oda za Bungoma huzipeleka mwenyewe kwa matatu, akipita Kiminini na Webuye, maboksi yake yamekaa juu ya viti viwili ambavyo nauli yake amelipa kama wanaolipiwa abiria. Anasema mteja haoni nauli ya maboksi. Tumelitaja hili kwa makusudi, kwani litarudi katika hesabu.

Sasa swali lenyewe. Familia moja ya Bungoma ilimwagiza kwa simu apambe nyumba yao kwa ajili ya harusi na awatengenezee wageni vikombe 60 vilivyochapwa majina ya bwana na bibi harusi pamoja na tarehe ya nikahi. Walikubaliana shilingi 46,000 kwa kazi yote, nao wakamtumia arbuni ya shilingi 15,000 kwa M-Pesa. Dada akasafiri. Vikombe pamoja na kuchapwa vilimgharimu shilingi 150 kila kimoja, yaani 9,000. Vitambaa na riboni 3,500. Nauli ya kwenda na kurudi 3,000. Siku kumi kabla ya harusi, posa ikavunjika. Mama wa binti akapiga simu, akaomba fedha zirudi, kwa kuwa zilichangwa na kina mama wa chama chake na sasa wanamtazama. Mume wa dada yetu akasema arbuni ni arbuni, hairudi, na ndivyo mji mzima unavyofanya. Dada hana raha. Anauliza: hizi 15,000 ni zangu au ni zao?

Neno lenyewe arbuni tumelipokea kutoka Kiarabu, na pamoja nalo tumepokea khitilafu ya wanavyuoni. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani ndiyo tunayoyafuata, na kadhalika kwa Imamu Malik na Imamu Abu Hanifa, haijuzu kufanya biashara kwa sharti la kwamba mnunuzi akighairi, muuzaji atakula kile kilichotangulizwa. Hoja yao ni kuwa muuzaji atakuwa amechukua mali ya mwenziwe bila ya kumpa kitu. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kuwa Mtume (S.A.W.) ameikataza biashara hiyo, ingawa wataalamu wa hadithi wana maneno juu ya upokezi wake. Imamu Ahmad bin Hambal ameijuzisha, akategemea kisa cha nyumba iliyonunuliwa Makka kwa Safwan bin Umayya katika zama za Sayyidna Umar (R.A.) ili iwe jela. Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha mwaka 1993, liliipitisha rai hiyo ya kujuzu, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umewekewa mpaka.

Basi mume wa dada yetu ana pa kusimama, lau kama sharti hilo lingetajwa. Halikutajwa. Tumeisoma barua mara mbili tukilitafuta. Hakuna aliyesema arbuni itapotea, hakuna aliyeandika, na mama yule wa Bungoma alidhani anatanguliza sehemu ya bei. Kusema kuwa mji mzima hufanya hivyo hakutoshi hapa. Ada ya watu wa soko ina nguvu katika sheria pale pande zote mbili zinapoijua. Na mama mwenye kuozesha binti wake wa kwanza si mtu wa soko.

Lakini je, arudishe zote? Hapa ndipo watu wa upande wa pili wanapokosea, nao ni wengi. Vikombe 60 vyenye majina ya watu wawili na tarehe havina mnunuzi mwingine duniani. Vilitengenezwa kwa amri yao, kwa sifa walizozitaja wao, na kazi imekwisha. Huu ni mkataba wa kutengenezeshwa kitu, ambao wanavyuoni huuita istisnaa, na Baraza hilo hilo la Fiqhi mwaka 1992 liliuhesabu kuwa wawafunga wote wawili masharti yake yakitimia. Na msingi wa dini yetu ni kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Kumwambia dada ameze hasara ya vikombe ambavyo hakuvihitaji ni kumdhuru.

Twaona, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kuwa azuie shilingi 9,000 za vikombe, na vikombe ni mali ya familia ile. Vitambaa na riboni ni vyake yeye: vitauzwa au vitapambia harusi nyingine, na hawezi kuwalipisha watu kitu ambacho bado anacho mkononi. Nauli ya Nairobi tulisita nayo kidogo. Hata hivyo, yeye mwenyewe ameandika kuwa safari hiyo alinunua na bidhaa nyingine za duka, kwa hivyo angesafiri vyovyote iwavyo. Asiwadai. Faida pia asiidai, kwani kazi ya kupamba haikufanyika. Hivyo atawarudishia shilingi 6,000.

Anasema hana fedha hizo kwa sasa, zimegeuka bidhaa rafuni. Mola ametuamuru tumpe muhula mdaiwa aliye katika dhiki, nasi twaitumaini familia ile imvumilie. Lakini dada naye asijihesabu fukara huku duka limejaa. Mwenye uwezo akichelewesha deni amedhulumu, hadithi ni sahihi na ni maarufu. Awapigie simu leo, si kesho, awatajie siku mbili maalumu, 3,000 na 3,000, na azitimize. Atakuta kuwa simu hiyo moja itamtuliza mama yule kuliko fedha zenyewe.

Na vikombe je? Ameuliza kama anaweza kuvipanga dirishani avionyeshe kama mfano wa kazi yake, kwani vimetoka vizuri. La, dada yetu. Bungoma na Kitale si miji ya mbali kiasi hicho, na jina la binti wa watu aliyevunjiwa posa halifai kuwa tangazo la biashara. Vifunge katika boksi, vipeleke kwa mzee wa nyumba ile, yeye ndiye atakayeamua. Picha zake pia zifute katika simu.

Yaliyobaki ni ya siku zijazo, na hapa twawasemesha dada zetu wote wenye kazi kama hii, wawe Bungoma au Malindi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya deni, iliyomo katika Suratul Baqara, na ndani yake tumeamrishwa kuandika lililo dogo na lililo kubwa, tusichoke. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mzima na miaka miwili kabla ya kuvunwa. Hakuwakataza. Aliwataka kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Ni nini hicho ila oda ya zawadi? Basi iandikwe: vikombe vingapi, rangi gani, jina linaandikwaje, kwani tumesikia ya Khadija aliyechapwa Hadija na ugomvi ukaingia. Siku gani vitafika, na nani analipa nauli ya maboksi kutoka Kitale. Kisha sharti la kuvunjika: yakighairishwa kabla ya bidhaa kununuliwa, fedha yote hurudi, yakighairishwa baadaye, gharama ya vilivyochapwa hukatwa. Ujumbe wa WhatsApp wafaa, maadamu mteja amejibu kuwa amekubali na ujumbe haufutwi. Wenye haya ya kuandikiana kwa sababu ni majirani au ni jamaa, hao ndio hasa tunaowakusudia. Mgeni akikudhulumu humwoni tena. Jamaa mtaonana mazikoni.

Swali la pili ni fupi. Mteja aliagiza kikapu cha zawadi kwa ajili ya bosi wake, akaleta chupa ya mvinyo ili ifungwe katikati. Wateja wengi wa dada ni ndugu zetu wasio Waislamu, na anaogopa kuwapoteza. Jawabu ni kuwa asiifunge. Miongoni mwa waliolaaniwa katika habari ya pombe ni mwenye kuibeba na mwenye kubebewa, seuze mwenye kuipamba kwa riboni. Amwambie kwa upole kuwa dini yake haimruhusu, amtengenezee kikapu kwa asali, majani ya chai na matunda, na kama mteja atataka kuongeza lake nyumbani kwake, hilo ni lake. Uzoefu wetu ni kuwa watu humheshimu mwenye mpaka unaojulikana. Na akienda, amekwenda.

La tatu ni la mashada ya fedha, yale ya noti zilizokunjwa zikafanywa maua, ambayo vijana wa mahafali huvishwa shingoni. Hapa mna mambo mawili. La kwanza ni la nchi: sheria ya Kenya yakataza kuharibu noti kwa makusudi, na Benki Kuu imekwisha kuonya hadharani juu ya noti kugundishwa na kubanwa kwa pini kwa ajili ya mapambo. La pili ni la dini, na wachache wanaliangalia. Mteja humtumia dada 6,500 kwa simu, naye humpa shada lenye noti za shilingi 5,000, na 1,500 ni ujira. Ikiwa noti zimetoka katika droo la duka, hapa pana fedha kwa fedha ya jinsi moja, na zilizotoka ni pungufu kuliko zilizoingia, na mara nyingi malipo ni leo na shada ni kesho. Huo ni mlango wa riba, hata kama hakuna aliyeukusudia. Fedha za zawadi zitoke kwa mteja mwenyewe, ziwe amana, zirudi kwake zilivyo hesabuni, na ujira wa kazi utajwe peke yake.

Nyepesi kuliko hayo ni bahasha. Dada anao mkono mzuri, tumeona picha za kazi zake: bahasha ya kitambaa yenye jina la mhitimu kwa uzi wa dhahabu, noti ndani bila ya kukunjwa wala kutobolewa, na shada la maua ya kweli kando yake. Atoze ujira wa kushona na bei ya maua. Bei aliyotuandikia ya bahasha hiyo, shilingi 800, sisi twaiona ni ndogo kwa kazi ya usiku mzima.