Gharama ya Pombe Haiishii Kilabuni



Mkulima mwenye akili hupiga hesabu ya kila ng'ombe wake: maziwa aliyotoa, na fedha zilizokwenda kwa chakula na dawa. Ng'ombe asiyelipa gharama zake huuzwa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wengi wetu hatujapata kukipigia hesabu, nacho ni pombe.

Tuseme mtu hunywa kwa shilingi 100 kila siku. Kwa mwaka ni shilingi 36,500, na kwa miaka 10 ni shilingi 365,000. Wengi hudhani hesabu imekwisha hapo. Sivyo. Hesabu kubwa hutoka hospitalini.

Pombe nyingi huharibu ini polepole. Kwanza ini huingia mafuta, kisha huvimba, mwisho huwa gumu kwa makovu. Wakati huo wote mwenyewe aweza kujiona mzima. Siku tumbo linapojaa maji na macho kuwa ya manjano, ini limekwisha kuharibika sana, na matibabu ni marefu na ya fedha nyingi. Tena pombe hupandisha shinikizo la damu, humfanya mtu ashikwe upesi na kifua kikuu, na huleta saratani ya koo, ya ini na ya matiti.

Jirani yangu mmoja aliugua ini namna hii. Mkewe aliuza ng'ombe wawili wa gredi, kisha akakodisha nusu ya shamba. Sisi majirani tulifanya harambee mara mbili. Alikufa, na deni likabaki. Watoto wake hawakuonja pombe hata tone moja, lakini ndio waliokosa karo.

Pombe iliyotiwa methanoli, yaani spiriti ya viwandani, haingoji miaka. Hupofusha macho na kuua kwa siku chache. Mwezi wa Mei 2014 iliua watu zaidi ya 80 katika sehemu mbalimbali za Kenya. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa katika Kirinyaga. Aliyeinywa hana budi kupelekwa hospitali mara moja, na pengine damu yake husafishwa kwa mashine.

Wengine husema, "Pombe huleta kodi." Ni kweli. Lakini kodi ya chupa hulipwa mara moja, na mgonjwa hutunzwa kwa miaka. Kitanda anacholalia, na wauguzi wanaomhudumia, hulipiwa na sisi sote, kwa kodi zetu na kwa michango ya bima ya SHA iliyoanza Oktoba 2024. Hata asiyekunywa hulipa.

Basi yafaa tufanye nini? Kwanza, kila mmoja aandike fedha za pombe katika daftari lile lile la maziwa na mbolea, aone kwa macho yake. Pili, anayekunywa aende kupimwa mapema, maana ini lisiloharibika sana laweza kupona akiacha. Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake, kwani aweza kushikwa na degedege. Amwone daktari kwanza. Tatu, tusimcheke mlevi. Yeye ni mgonjwa, na kumsaidia leo ni rahisi kuliko kumfanyia harambee kesho.